Ukurasa wa Viazi

Tlawi, Jumamosi jioni

Theresia binti yangu,

Najua utajiuliza kwa nini baba anakuandikia barua wakati tunalala nyumba moja. Ninaandika kwa sababu nikiongea nagomba. Jana mezani niliongea, na uliona mwenyewe mambo yalivyokwenda. Mama yako aliondoa sahani kabla hatujamaliza kula, wewe ukaingia chumbani ukafunga mlango, mimi nikabaki nimeshika tonge la ugali uliopoa. Sasa mmekwenda wote wawili kumuaga bibi yako, na mkishafika kwa bibi hamrudi mapema. Nina karatasi, nina kalamu, na hakuna wa kunikatiza isipokuwa huyu ndama anayelia nyuma ya nyumba tangu saa tisa, mama yake bado yuko malishoni.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, kuchukua blanketi la pili na kupiga simu ukifika, mama yako ameshakuambia mara tatu. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kile kijitabu changu cha kanuni ulichokiweka kwenye begi lako.

Tangu barua yako ya ajira itoke nimekuona unavyotembea, na nilifurahi. Shule mpya ya sekondari, tena Getanuwas, na mkuu wako amekupigia simu hata kabla hujafika akuambie kwamba utashika daftari za mahudhurio na utaandaa kanuni za shule. Mwalimu mgeni kupewa kazi hiyo si jambo dogo. Ukaja kuniomba kijitabu chetu cha zamani, nikakupa, nikidhani unataka kumbukumbu. Halafu jana ukakifungua mezani, ukatusomea kwa sauti kanuni ya tisa, kwamba mwanafunzi atakayekosa kuitika jina kwa siku ishirini na moja atafutwa kwenye daftari bila kujali sababu. Ukasema, "Hii nitaianza nayo, Baba. Watu wa kule chini usipowabana hawakai shuleni."

Nilikuuliza nani amekufundisha maneno hayo. Ukashangaa, ukasema, "Si wewe?"

Hapo ndipo nilipopiga meza. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa unasema kweli. Maneno hayo ni yangu, na sauti ile ilikuwa yangu, imetoka kinywani mwako ikiwa mbichi kabisa, baada ya mimi kudhani nimeshaizika. Sikuwa na hasira na wewe. Au tuseme nilikuwa nayo kidogo, lakini sehemu kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Ulisoma pale shuleni kwetu, kwa hiyo unadhani unaijua historia yake. Unaijua ile iliyo kwenye ubao wa heshima ukumbini, majina yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Ubao ule haukuandika mawe. Kila Jumamosi kila nyumba ya huku juu ilitoa mtu mmoja kubeba mawe kutoka mtoni, na bibi yako alikuwa mmoja wao, ndiyo maana mgongo wake uko vile. Kidato cha kwanza cha mwanzo kilisomea kwenye ghala la mahindi, watoto wanaandika huku panya wanapita miguuni. Siku ya kuezeka bati, wafugaji wa Getanuwas walileta mafahali wawili kwa ajili ya chakula cha mafundi. Waliwaswaga kwa miguu kutoka kule tambarare mpaka huku kwenye baridi. Walikuwa hawana sekondari, na kamati yetu iliwaahidi kwamba watoto wao watapata nafasi kama watoto wetu. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni juzi. Nilikula nyama ile mpaka nikafungua mkanda.

Kisha akaja mkuu wetu wa kwanza, marehemu Mwalimu Qamara. Huyo alikuwa amekaa Uingereza mwaka mzima kwa masomo, akawekwa kwenye shule moja ya sekondari katika mji mdogo ambao jina lake sikuwahi kulitamka sawasawa. Alirudi na koti zito, picha ya jengo lenye mnara, na kijitabu cha kurasa arobaini kilichoeleza shule ile ilivyoanza na inavyoendeshwa. Alikipenda kijitabu kile, acha nisiseme zaidi. Kila Jumatatu kwenye paredi alitusimulia jinsi mjane wa mfanyabiashara wa nguo alivyoianzisha shule ile kwa watoto kumi na mmoja, juu ya ghala la sufu, jinsi ilivyoungua, ikajengwa, ikagombaniwa miaka mingi kabla ya kupokea wasichana. Watoto wetu walimjua mjane yule kuliko walivyowajua bibi zao waliobeba mawe. Mgeni akija, kiranja alimsimulia habari za ghala la sufu. Ghala letu la mahindi hakuna aliyelitaja.

Basi tukajipanga kama wao. Mabweni manne yenye rangi nne, kila bweni na mwalimu wake na pointi zake. Viranja, kiranja mkuu, kengele ya kila kitu, tai, na sweta la shule lenye mstari wa rangi ya bweni. Sikatai kwamba mengi yalitufaa. Sweta lilitufaa sana, unaijua baridi ya mwezi wa saba. Viranja walitufaa, maana walimu tulikuwa sita tu. Sisemi kwamba cha Mwingereza ni kibaya. Ningekuwa nasema hivyo ningekuwa mwongo, nimekula pensheni ya kazi hiyo na wewe umesomeshwa nayo.

Mwalimu Qamara akanipa mimi kazi ya kupiga chapa kanuni zetu kutoka kwenye kijitabu chake. Unajua stensili? Hujui. Ilikuwa karatasi ya nta, unaigonga kwa mashine ya chapa, ukikosea herufi unapaka dawa unangoja ikauke. Nilipewa stensili chache nikaambiwa zitoshe. Nikafanya kazi wiki nzima, kila ukurasa nauchuja, nachukua la maana naacha la wageni. Nikafika ukurasa mmoja ulioanza na habari kwamba shule hufungwa wiki moja wakati wa baridi kuanza, ili watoto wakawasaidie wazazi kuchimba viazi.

Nilicheka mpaka machozi. Nikawaita wenzangu ofisini, nikawasomea. Wazungu wanafunga shule kwa ajili ya viazi! Tukacheka wote, na wiki hiyo hiyo, Theresia, tulikuwa tumewachapa viboko watoto tisa wa Tlawi kwa kutoroka kwenda kuchimba viazi vya baba zao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba kichekesho kilikuwa sisi. Nikaona ukurasa huo hauna kazi kwetu, nikauruka, nikaendelea na kanuni ya mahudhurio. Pale kwenye maneno ya mwisho, yale ya "bila kujali sababu", kijitabu hakikuwa nayo. Niliyaongeza mimi, kwa sababu yalisikika kuwa na nguvu.

Sasa nikueleze kuhusu Udahoda.

Alikuwa msichana wa kidato cha pili, bweni la bluu, mtoto wa wafugaji wa Getanuwas. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Alikuwa mrefu, mpole, hesabu alizifanya akiangalia dirishani. Baba yake ndiye aliyetoa fahali mmoja kati ya wale wawili, lakini hilo nilikuwa nimeshalisahau, kama anavyosahau mtu aliyeshiba. Babu yake akafariki, mzee mkubwa wa ukoo. Nikampa ruhusa ya siku saba, nikajiona mkarimu.

Wewe unakwenda kuishi kwao, kwa hiyo lishike hili. Mzee wa namna ile hazikwi watu wakaondoka. Juu ya kaburi lake hujengwa kilima cha miti na udongo, wenyewe wanakiita bung'eda, na hujengwa pole pole, miezi kwa miezi, ukoo wote ukiwa pale pale, mpaka siku ya kukifunga. Anayeondoka katikati amemwacha babu yake nje. Mimi nililijua hilo! Nimekua nikilisikia. Wao wa Hanang na sisi wa Mbulu hatujaanza kuoana jana. Lakini nilikuwa nimevaa tai.

Siku ya ishirini na nne, asubuhi wakati wa paredi, nikaona mtu mrefu mwenye shuka amesimama karibu na mlingoti wa bendera, na Udahoda nyuma yake amevaa sare. Walikuwa wametembea na kudandia malori siku mbili. Sikumkaribisha ofisini. Nilimwacha amesimama pale mpaka paredi ikaisha, kisha nikatoka na daftari.

Akasema, "Mwalimu, nimemleta mtoto umwone kwamba hajatoroka. Yuko msibani. Naomba umtunzie nafasi mpaka tumfunge mzee."

Nikamwambia, "Kanuni ni siku ishirini na moja."

Kisha akasema, "Mzee hazikwi kwa siku ishirini na moja, mwalimu. Na wewe unajua."

Hilo "na wewe unajua" ndilo lililoniharibu. Wanafunzi walikuwa wanatazama kutoka madirishani. Ningeweza kusema, ngoja nimwone mkuu. Ningeweza kusema, karibu kwanza unywe chai. Badala yake nikatoa kalamu nyekundu, nikaweka daftari juu ya goti, nikapiga mstari juu ya jina la mtoto wake mbele ya macho yake. Namba kumi na saba. Mstari wenyewe niliunyoosha kwa rula.

Udahoda hakulia. Alivua lile sweta, akalikunja vizuri, akaniwekea juu ya daftari, kwa sababu kanuni yangu nyingine ilisema sweta ni mali ya shule. Ukungu ulikuwa umeshuka, mwezi wa saba. Wakateremka barabara ile ya mikaratusi, baba mbele, mtoto nyuma na blauzi nyeupe tu. Mwalimu mmoja akaniambia, "Umefanya vizuri, hawa usipowabana hawakai." Nikaitikia. Baada ya hapo nikawa nasema hivyo mimi mwenyewe, mwaka hadi mwaka, mpaka wewe ukaliokota neno hilo kwangu.

Mwaka uliofuata babu yako, baba yangu mzazi, alifariki. Nilikaa nyumbani siku thelathini na tatu. Nyumba ilikuwa na mambo yake, mirathi, ndugu wa kutoka mbali, mimi ndiye mkubwa. Niliporudi shuleni, kalamu yangu ilikuwa pale pale mezani nilipoiacha, na Mwalimu Qamara akanipa mkono akasema pole sana. Hakuna aliyenihesabia siku. Nilikaa kwenye kiti changu, nikasema nitaandika barua Getanuwas. Sikuandika. Niliona haya, na haya ikikaa sana inageuka kuwa kiburi. Nikawa namsema vibaya mtoto yule nikiulizwa, eti alikuwa mtoro. Nilisema uongo huo mbele ya watu, Theresia, zaidi ya mara moja.

Nilipostaafu nikapewa siku ya kusafisha kabati langu. Chini kabisa nikakikuta kile kijitabu cha Uingereza, kimeliwa pembe na mende. Nikakaa sakafuni nikaanza kukisoma, safari hii bila haraka, sikuwa tena na kazi. Nikafika kwenye ukurasa wa viazi. Nikacheka tena kidogo, kwa mazoea. Kisha nikasoma sehemu ya chini, ambayo sikuwahi kuifikia kwa sababu ya kucheka. Inasema kwamba mwanafunzi aliyefiwa aachwe akae na watu wake kwa muda ambao desturi ya nyumba yao inataka, na nafasi yake itunzwe mpaka atakaporudi.

Ilikuwa pale! Miaka yote hiyo tukiimba habari za mjane na ghala la sufu, ilikuwa pale pale chini ya viazi. Wale tuliowaiga walikuwa na huruma kuliko sisi tulioiga. Tulichukua tai, tukachukua kengele, tukaacha utu kwa sababu ulikuwa kwenye ukurasa mmoja na viazi. Nilipiga ngumi kabati mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimeanguka.

Mwaka jana, nilipokwenda mnadani Masakta kutafuta mtamba, huyo ambaye ndama wake ananipigia kelele sasa hivi, mama mmoja alisimama mbele yangu akaniinamia. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Samahani mama, nimekusahau."

"Namba kumi na saba," akasema. "Bweni la bluu."

Pale pale, katikati ya ng'ombe na vumbi, nikaanza kumweleza habari za stensili na ukurasa na kabati, naongea haraka haraka kama mtoto aliyekamatwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ilikuwa viazi, mwalimu."

Nikasema ndiyo. Nikamwomba msamaha. Nilisema neno lenyewe, nisamehe, na lilikuwa gumu kutoka kuliko ninavyoweza kukuandikia. Hakusema amenisamehe. Aliangalia ng'ombe kwanza, kisha akasema, "Baba bado yuko hai. Hatembei mbali tena. Binti yangu ataanza kidato cha kwanza mwakani, shule mpya ya kwetu, na yeye na babu yake hawaachani. Sasa mwalimu, nikuulize wewe unayejua mambo ya shule. Baba akiondoka, itakuwaje?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia shule za siku hizi si kama zetu. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kuondoka pale nikiwa mtu mzuri. Sikujua kwamba serikali itampeleka binti yangu mwenyewe kwenye shule ile ile, akiwa na kijitabu changu begini.

Sasa umeelewa kwa nini nilipiga meza.

Sikwambii uende ukalegeze kila kitu. Utakutana na watoto wanaotoroka kweli, na wazazi watakaokudanganya usoni wakiwa wameshika fimbo. Utachoka. Kuna siku utataka kanuni iliyonyooka kama rula ili usilazimike kumwangalia mtu machoni, na siku hiyo ndiyo ya kuogopa. Mimi sikuwa mtu mkatili, mama yako atakuambia, nilikuwa mtu mwenye haraka aliyepewa kalamu. Na ninakuona ulivyo, Theresia. Una haraka yangu. Una hata ile namna yangu ya kukunja mdomo mtu akichelewa. Jana nilipokuona umesimama na kijitabu mkononi niliogopa, na mimi nikiogopa nafoka, ndivyo nilivyoharibika.

Nimefungua begi lako. Ndiyo, nimelifungua, utanikasirikia baadaye. Zile kanuni zangu za stensili nimezitoa, na muda si mrefu uliopita nimezitia kwenye moto wa jikoni, kwa hiyo usizitafute. Mahali pake nimeweka kijitabu chenyewe cha Uingereza, kimeliwa na mende lakini kinasomeka. Nimekunja pembe ya ukurasa wa viazi. Usome mpaka chini. Nimetoa pia lile boksi la kalamu nyekundu ulilonunua. Najua mwalimu hawezi kusahihisha bila kalamu nyekundu, najua pia utanunua nyingine hapo hapo njiani na utasema baba amezeeka vibaya. Nunua. Lakini nilitaka zile za kutoka nyumbani kwangu zisifike Getanuwas.

Nawasikia mnapanda njia, mama yako anacheka, kwa hiyo bibi amewapa maziwa ya mgando. Nitaiweka barua hii kwenye kijitabu. Kesho mbele ya gari sitasema lolote kati ya haya, nitakuambia tu uchunge mizigo, na wewe utadhani bado nimenuna.

Jumatatu utaita majina. Sijui msichana yule atakuwa namba ngapi, sikumuuliza mama yake jina la mtoto, hata hilo nililisahau. Utamjua kwa babu. Siku utakapomwita asiitike, na kesho yake asiitike, na wiki ipite, usihesabu. Funga daftari, ufike nyumbani kwao kwa miguu yako. Utakuta watu wamekaa wengi na miti imekatwa. Wape pole. Kisha umwambie mama yake, Udahoda, kwamba wewe ni binti wa mwalimu wa Tlawi, na kwamba nafasi ya mtoto ipo.

Ni mimi baba yako.